Kijito Kina Mashahidi Wake



Katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi twafundishwa tangu utoto kwamba maji hujulikana hali yake kwa mambo matatu, nayo ni rangi, ladha na harufu. Maji mengi, yaliyotimia kulateni na kuzidi, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi ila ikiwa mojawapo ya sifa hizo imegeuka. Somo hili tumelisomesha hapa Haydom kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na watoto hulihifadhi upesi kuliko masomo mengine, kwa kuwa mtoto mwenye pua na macho hahitaji kitabu ili alifahamu.

Mwaka jana, baada ya darsa, kijana mmoja wa miaka kumi na miwili alibaki nyuma, akatuuliza: "Maalimu, maji ya kijito chetu hayanuki, hayana ladha mbaya, na yang'aa. Mbona tukiyanywa twaumwa matumbo?"

Twakiri kwamba tulinyamaza kidogo. Tulimjibu lile lijibiwalo sikuzote, kwamba tohara ni jambo moja na afya ni jambo jingine. Maji yaweza kufaa kwa udhu na yasifae kwa kunywa mpaka yachemshwe. Jibu hilo ni la haki, lakini tuliona machoni mwake kwamba halikumtosha. Na sisi wenyewe tulipolala usiku ule halikututosha.

Wasiopajua kwetu na wafahamu kwamba Haydom ni mji mdogo katika nyanda za juu za Mbulu, ukielekea mpaka wa Hanang. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, hunyesha tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, kisha ni kiangazi kirefu, na vijito vingi hupungua hata vikabaki madimbwi. Baadhi ya maji ya nyanda hizi huteremkia bonde la Yaeda, kwa ndugu zetu Wahadzabe na Wadatoga. Wala maji hayo hayafiki baharini. Nchi yetu hii imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake huishia katika mabwawa na maziwa ya chumvi, kama Eyasi na Balangida. Mtu wa pwani akitupa uchafu mtoni aweza kujidanganya kwamba bahari itaumeza. Sisi hatuna hata udanganyifu huo, kwani tukitupacho hubaki nchini humu humu.

Tena jambo la matumbo ya watoto hapa kwetu si dogo. Tangu mwaka 2009 hata 2014 Haydom ilikuwa mojawapo ya mahali panane ulimwenguni palipofanyiwa uchunguzi mkubwa uitwao MAL-ED, pamoja na Bangladeshi, Brazili, Uhindi, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika ya Kusini. Watoto walifuatwa tangu kuzaliwa, wakapimwa vimo na uzito na choo chao. Yakaonekana mambo yaliyowastusha wengi: mtoto aweza kuwa na vijidudu vya maradhi tumboni pasipo kuharisha, mamake amwona mzima, kumbe vijidudu vile vyamzuia kukua. Maji machafu ni mojawapo ya njia za vijidudu hivyo. Basi swali la kijana wetu lilikuwa na uzito kuliko alivyojua mwenyewe.

Tulilipeleka swali lile kwa mpwa wetu, ambaye husomesha elimu ya viumbe katika shule ya sekondari. Akacheka, akasema, "Mjomba, katika kijito wamo mashahidi, ila hamjawahi kuwaita wakaseme." Juma lililofuata akaja na sinia jeupe, chekeche la unga, kioo cha kukuzia, na karatasi moja yenye picha za wadudu.

Njia aliyotuonyesha ni hii. Chini ya mawe ya kijito, na katika mizizi na mchanga wake, hukaa viumbe vidogo vionekanavyo kwa macho. Wengi wao ni watoto wa wadudu warukao, ambao huishi majini miezi kadhaa, hata mwaka na zaidi, kabla ya kuota mbawa. Kila aina ina ustahimilivu wake. Wapo wasioweza kuishi ila katika maji baridi, yaendayo kasi, yenye hewa nyingi; na wapo wanaonenepa katika tope linukalo. Mwenye kuchunguza huingia majini, huyavuruga mawe kwa mguu, naye huliweka chekeche upande wa chini ili maji yawalete wadudu ndani yake. Baada ya dakika tano hivi huwamwaga sinianii mwenye maji kidogo, akatazama ni jamii gani zilizopo. Kisha huwarudisha walikotoka, hai.

Twapenda kuwaeleza wadudu wenyewe, kwa kuwa tuliishi miaka yote hii juu yao tusiwajue. Yumo mmoja mwenye mikia mitatu kama nywele na vijani vidogo ubavuni vinavyopepea daima, ndivyo mapafu yake. Huyu tope likimfunika hufa, kwa kuwa vijani vile huziba. Yumo mwingine ambaye hujijengea nyumba ya changarawe, akazigandisha punje moja moja kwa uzi utokao kinywani mwake, akatembea nayo kama konokono. Watoto walipomwona huyu walipiga takbiri. Yumo mtoto wa kereng'ende, mkali kama chui, ambaye taya lake la chini hukunjuka mbele ghafula likanasa chakula. Wamo kaa, ruba, konokono, mbawakawa wa majini, nyungunyungu. Na wamo vijidudu vyekundu kama uzi wa kushonea, ambao wekundu wao ni wa damu ishikayo hewa barabara, ndiyo sababu waweza kuishi katika tope ambalo wengine wangekosa pumzi.

Kila jamii imepewa alama. Katika njia fupi itumikayo na watu wa kujitolea, iitwayo miniSASS, zipo jamii 13 tu. Aliye mgumu wa kuridhika kuliko wote, mdudu wa mikia miwili akaaye juu ya mawe ya maji baridi, ana alama 17. Mwenye mikia mitatu ana 11, na mwenye nyumba ya changarawe 9. Kaa na kereng'ende wana 6 kila mmoja. Nyungunyungu, ruba na mabuu ya nzi na mbu, kila mmoja ana 2. Hujumlishwa alama za jamii zilizoonekana, kisha hugawanywa kwa idadi ya jamii hizo. Ukipata ruba mia hesabu ni ya ruba mmoja. Kinachotafutwa ni nani aweza kuishi hapo. Wingi wao hauingii katika hesabu.

Asili ya elimu hii ni ya zamani kidogo. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliandika mwaka 1908 na 1909 kwamba viumbe vya mtoni vyaweza kutumiwa kuujua uchafu wa maji. Katika Afrika ya Kusini bwana Chutter alitengeneza njia ifaayo mito ya huko, ikatengenezwa tena na tena hata toleo la tano likachapishwa mwaka 2002, na kutokana na hiyo ndipo ilipotoka ile fupi ya miniSASS, ambayo hata mtoto wa shule aifanya. Na Tanzania haikubaki nyuma. Mwaka 2015 Dkt. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Cape Town, walichapisha njia iliyopimwa katika mito ya nchi yetu hii, waliyoiita TARISS. Hiyo ni ya wataalamu, kwani yataka mtu awajue wadudu kwa koo zao. Lakini yatupa sisi wadogo hadhari moja: alama zilizopangwa kwa mito ya Kusini tusizifanye hukumu kwa kijito cha Mbulu. Zatufaa kwa kulinganisha mahali na mahali katika kijito kimoja, na mwezi huu na mwezi wa mwaka ujao.

Huenda msomaji akasema: maji yana serikali yake, ina bodi ya bonde iliyoko Singida, ina RUWASA tangu mwaka 2019, maalimu wa chuo na watoto wake wana kazi gani huko? Jawabu ni kwamba wataalamu ni wachache na vijito ni vingi, wala hawawezi kusimama ukingoni kila mwezi. Katika nchi jirani ya Kenya, kwenye bonde la mto Sondu-Miriu, waliweka vipimo vya kina cha maji mahali 13, na kando ya kila kipimo ubao wenye maelezo, ili mpita njia asome kina na kukipeleka kwa ujumbe wa simu. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walipeleka vipimo 1,175 vilivyo sahihi, na vilipolinganishwa na chombo kijipimacho chenyewe vilikaribiana sana. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2018. Lakini na tuseme yote: zaidi ya nusu ya watu wale walipeleka mara moja tu, na waliodumu, wakapeleka zaidi ya mara kumi, walikuwa 13. Haya nasi tumeyaona. Siku ya kwanza walikuja vijana thelathini na wawili, siku ya nne wakaja saba.

Na wengi wenu mwakumbuka Machi ya mwaka 2022, maji ya mto Mara yalipogeuka rangi yakanuka, na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilisema sababu ni kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea. Watu wengi hawakukubali, yakawa maneno nchi nzima. Sisi hatuingii katika shauri lile. Lakini twasema, laiti vijiji vya kando ya mto vingalikuwa na daftari la kila mwezi la miaka kumi nyuma, mabishano yale yangalikuwa na kitu cha kushika.

Sasa tueleze yaliyotupata wenyewe, nayo si ya kujivunia.

Juu ya chuo chetu, upande wa mlimani, zipo bustani za vitunguu na mboga. Wenyewe ni majirani zetu Wairaqw, nao hupiga dawa ya wadudu kwa pampu za mgongoni. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisema, barazani na hata juu ya mimbari, kwamba wao ndio waharibuo maji. Tulisema bila ya kupima. Na mpwa wetu alipotuletea sinia lile, twasema kweli, furaha yetu ya kwanza ilikuwa kwamba sasa tutapata ushahidi juu yao.

Tulichagua mahali patatu: juu ya bustani zote, chini ya bustani lakini juu ya chuo, na chini ya chuo, kama hatua mia mbili. Tulikwenda mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na maji yametulia, maana baada ya mafuriko wadudu huwa wamechukuliwa na hesabu haina maana. Wavulana walikuwa katika kundi lao na wasichana katika lao, pamoja na mwalimu wao. Na twakiri kundi la wasichana lilikuwa na macho makali zaidi.

Mahali pa kwanza tulipata jamii saba, jumla alama 44, ukigawanya ni 6 na kidogo. Chini ya bustani jamii zilikuwa sita, maana mwenye nyumba ya changarawe hakuonekana tena, na wastani ukawa chini kidogo ya 6. Basi bustani zina dhambi, lakini si ile tuliyowabebesha. Tukashuka chini ya chuo. Binti mmoja akamwaga chekeche sinianii, akatazama, akanyamaza, akatuita. Mlikuwamo nyuzi nyekundu, nyungunyungu, ruba, konokono na mdudu mmoja wa kuelea. Jamii tano, alama 15, wastani 3.

Katikati ya mahali pa pili na pa tatu hapana bustani, hapana duka, hapana nyumba ya mtu. Upo msikiti na chuo. Upo mfereji utokao kwenye birika la udhu, na ipo choo yetu ya zamani, iliyochimbwa na walioturithisha, ambayo kila masika shimo lake hujaa maji na kutapika kwenye korongo. Tulipima kwa hatua kutoka choo hata kijito: hatua ishirini na mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli ziwezazo kuudhuru. Na kabla ya sheria hiyo, kwa miaka elfu na mia nne, tuna katazo la Mtume wetu (S.A.W.) la kujisaidia katika mahali pa maji, alilolitaja pamoja na njia na kivuli kuwa ni mambo yaletayo laana. Katazo hilo tulilisomesha kila mwaka, kwa sauti, hatua ishirini na mbili kutoka kijitoni.

Tulirudi kimya. Usiku ule baadhi ya wazee wetu walishauri daftari lifichwe, wakisema sisi Waislamu si wengi hapa, na jambo hili litafanywa dhihaka. Hoja yao tuliisikia, wala hawakuwa watu wabaya. Lakini watoto thelathini na wawili walikuwa wameona kwa macho yao. Kama tungelificha, tungewafundisha somo jingine kubwa kuliko la tohara.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tuliyasema yote mbele ya jamaa. Jumamosi tulikwenda kwa wenye bustani, kwa mzee wao mmoja mwenye mvi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibuni, mwalimu."

Tukamweleza, tukamtaka radhi kwa maneno yetu ya miaka mingi. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza fimbo yake mkononi. "Mwalimu," akasema, "ng'ombe wetu hawanywi chini ya choo yenu tangu zamani. Tulidhani mwajua."

Hatukuwa na neno la kumjibu.

Kazi ya kuhamisha choo ilichukua kiangazi chote. Fedha zilikusanywa kidogo kidogo. Waliotoa zaidi walikuwa akina mama wa chama cha kuzikana, ambao hawakuulizwa. Shimo jipya lilichimbwa upande wa juu wenye ardhi kavu, mbali na kijito zaidi ya mita 60, likajengwa mdomo wa mawe. La zamani likajazwa chokaa na udongo. Mfereji wa udhu sasa waishia katika shimo la kokoto lenye migomba pembezoni. Wenye bustani walituletea mikokoteni miwili ya mawe. Nao kwa upande wao wamekubali wasioshe pampu za dawa kijitoni. Wazioshee shambani, na maji yake yamwagwe penye mimea iliyokwisha kupigwa dawa hiyo hiyo.

Kwa vijana watakaotaka kufanya kama sisi, tuna maneno machache ya kazi. Msitumie kipande cha chandarua kilichotiwa dawa kwa kutengenezea wavu. Sisi tulifanya hivyo siku moja, tukaona wadudu wanagaagaa wakafa, kwa kuwa dawa ile iuayo mbu huwaua na hao. Chekeche la unga latosha. Vaeni viatu vya mpira, na msiingie katika madimbwi yaliyotuama yenye konokono, kwani humo ndimo kichocho hukaa. Kipimo cha pili ni rahisi zaidi, nacho ni bomba jeupe la kuonea lenye urefu wa mita moja: hujazwa maji, hutazamwa alama nyeusi kupitia maji hayo, na urefu wa kuonea huandikwa. Bomba hilo hueleza habari ya udongo uliosombwa na maji, ambao kwetu huku ni adui mkubwa. Waliokuwako Katesh tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliposhuka likaua watu zaidi ya 80, hawahitaji kuelezwa udongo uwezalo.

Na jambo moja tena, kwa akina mama hasa. Wastani mzuri wa wadudu si idhini ya kunywa. Wadudu hawa hawaoni vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Maji yaweza kuwa na alama 7 na bado yakamlaza mtoto. Chemsheni. Wengine wametuuliza kama maji yaliyofiwa na wadudu hao ni najisi. Katika madhehebu yetu kiumbe kisicho na damu itiririkayo, kikifa majini bila ya kutiwa makusudi, hakiyanajisi madamu hakikuyageuza. Basi msiwe na wasiwasi nao; wao ni wenyeji, sisi ndio wageni.

Juni hii tulikwenda tena. Kijana aliyeuliza swali sasa ana miaka kumi na mitatu, naye ndiye ashikaye daftari. Mahali pa kwanza ni kama palivyokuwa. Mahali pa pili mwenye nyumba ya changarawe ameonekana, mmoja, na watoto walitaka kumpeleka nyumbani tukawakataza. Mahali pa tatu, chini ya chuo, wale watano wa mwanzo wangalipo, lakini wameongezeka wawili: mtoto wa kereng'ende, na mdogo wa jamaa ya wenye vijani ubavuni, yule mstahimilivu mwenye alama 5. Jamii saba, alama 26, wastani 3 na sehemu saba za kumi.

Ng'ombe wa babu bado hawanywi hapo. Tulimwambia hesabu, akasema atangoja kiangazi kingine. Chekeche na sinia haviko nasi juma hili. Wenye bustani wameviazima.